Shajara ya mradi: kupima usafirishaji ndani ya seli ya chachu kwa mashine ya kupimia sukari ya damu

Mradi huu unarudia jaribio ambalo Peter Novick na Randy Schekman walilichapisha mwaka 1979 wakiwa Berkeley, California. Walipata chachu ambayo kwenye nyuzi 25 inaishi kama kawaida, lakini ikipandishwa hadi nyuzi 37 inashindwa kutoa protini nje ya seli. Jeni iliyoharibika wakaiita SEC1. Mwaka uliofuata orodha yao ilifika jeni 23, na kazi hiyo ndiyo iliyomfikisha Schekman kwenye Tuzo ya Nobeli ya 2013, aliyoipata pamoja na James Rothman na Thomas Südhof.

Maabara yetu hapa Dar es Salaam ni ya kufundishia. Tuna autoklevu ndogo, sentrifuji ya mezani, beseni la maji moto, mashine ya kutikisa mirija na spektrofotomita ya zamani. Hatuna hadubini ya elektroni wala friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Ninaandika ili mwalimu mwenye vifaa kama hivi aweze kuwaonyesha wanafunzi wake protini zinazoongoza misafara ndani ya seli, badala ya kuwachorea mishale ubaoni. Bei zote ni za shilingi za Tanzania na ni za kukadiria.

8 Januari 2024: Chachu tulizopata na kinachopimwa

Aina tatu zimefika kwa posta kutoka maabara ya nje iliyotupa bure, zikiwa zimekaushwa kwenye karatasi za kuchujia: sec1-1, sec4-8 na sec18-1 (herufi ndogo ni jeni yenye kasoro, SEC1 ni jeni nzima, na Sec1 ni protini yake). Imekuja pia chachu ya kawaida ya kulinganishia. Usafirishaji na kibali cha kuingiza vimekula kama 140,000.

Tunachofuatilia ni invatesi, kimeng'enya kinachovunja sukari ya mezani kuwa glukosi na fruktosi. Chachu hukitengeneza kwenye retikulamu ya endoplazimu (mtandao wa tando ambako protini za kutolewa nje huanzia), hukipitisha Golgi (kituo cha kuzikamilisha na kuzipanga), hukipakia kwenye vifuko, kisha vifuko huungana na utando wa seli na kukimwaga nje. Huko nje hakiendi mbali, hubaki kati ya utando na ukuta wa seli. Hilo ndilo linalofanya kipimo kiwe rahisi: sukari inapenya ukuta lakini haipenyi utando, kwa hiyo seli nzima inaonyesha invatesi ya nje peke yake, na seli iliyopasuliwa inaonyesha yote. Tofauti ya namba hizo mbili ni mzigo uliokwama ndani.

Protini tatu zenyewe zinafanya kazi tofauti. Sec4 ni ya jamii ya Rab, protini zinazofanya kazi kama swichi. Chachu ina Rab 11, binadamu ana zaidi ya 60, na kila moja ina eneo lake la kazi. Rab ikishika GTP (molekuli ndogo yenye fosfati tatu) imewaka, ikiivunja kuwa GDP (yenye fosfati mbili) imezimika. Sec4 hukaa juu ya kifuko kinachotoka Golgi. Sec2 huiwasha kwa kuitoa GDP ili GTP iingie, na Sec4 iliyowaka hushikana na Sec15, mojawapo ya protini nane za eksosisti, kundi linalokidaka kifuko karibu na utando. Kisha huja SNARE, protini zinazounganisha tando: Snc ya kwenye kifuko hujisokota pamoja na Sso na Sec9 za upande wa utando, na tando mbili huwa moja. Sec1 husaidia msokoto huo. Sec18 huja baadaye kuufumua msokoto ili SNARE zitumike tena, na inafanya hivyo kwenye vituo vyote vya njia. Ndiyo maana ikiharibika mzigo unakwama mapema kabisa, kati ya retikulamu na Golgi.

Kwa hiyo ubashiri ni mwepesi kuuandika: kwenye nyuzi 37 aina zote tatu zirundike invatesi ndani, na ile ya kawaida isirundike.

22 Januari 2024: Kuizoeza mashine ya sukari

Njia ya vitabuni hupima glukosi kwa kemikali za glukosi oksidesi, na bei yake kwetu ni kubwa. Mashine ya kupimia sukari ya wagonjwa ina kemia ya namna hiyohiyo ndani ya stripu. Mashine 60,000, kopo la stripu 50 kama 35,000. Kwa mazoezi tulitumia hamira ya dukani, kwani ina invatesi tele na haina thamani ya kuhuzunisha ikimwagika.

Utaratibu tuliofikia: seli 0.1 ml, bafa ya asetati ya sodiamu (0.1 M, pH 5) 0.2 ml, sukari ya 0.5 M 0.2 ml. Dakika 10 kwenye nyuzi 37. Kisha K2HPO4 (fosfati ya potasiamu) ya 0.2 M 0.3 ml, na mrija unaingia kwenye maji yanayochemka kwa dakika 3. Unapozwa kabisa kabla ya kugusishwa stripu.

Hatukufika hapo moja kwa moja. Mwanzoni mchanganyiko ulipimwa ukiwa bado na asidi ya pH 5, na mashine ikawa inatoa hitilafu au namba zinazorukaruka. Stripu imetengenezwa kwa damu, ambayo pH yake ni kama 7.4. K2HPO4 inamaliza tatizo hilo na kusimamisha kimeng'enya kwa pamoja. Mrija wa moto nao unadanganya, kwa sababu kimeng'enya cha kwenye stripu hufuata joto.

Tatizo la pili lilikuwa gumu zaidi. Chini ya 1.1 mmol/L mashine huandika "Lo" na kunyamaza. Mirija ya sifuri, yaani ile inayosimamishwa kabla ya kimeng'enya kufanya kazi, yote ilisoma "Lo". Huwezi kutoa "Lo" kwenye 6.3. Tulichofanya ni kuongeza glukosi inayojulikana kwenye kila mrija, kiasi cha kuufanya usome karibu 2 mmol/L hata kama invatesi haipo. Sifuri yetu sasa ni namba halisi, na tunaitoa kwenye vipimo vyote. Nalipenda suluhisho hili kwa sababu halikugharimu chochote.

Jambo la tatu ni mstari wa kulinganishia. Damu ina chembe nyekundu, na mashine hufanya hesabu kwa kudhani zipo. Maji yenye glukosi husomeka juu kuliko ukweli. Tengeneza glukosi ya 2, 5, 10 na 20 mmol/L (ya 20 ni gramu 3.6 kwa lita) ndani ya bafa ileile, pima, chora mstari, na usome kila kitu kupitia mstari huo. Rudia kila unapofungua kopo jipya la stripu.

Sukari ya dukani ya rangi ya kahawia ina glukosi kidogo tayari. Tumia nyeupe.

Njia ya asili hutumia azidi ya sodiamu ili seli zilizo hai zisile glukosi unayotaka kuipima. Tumeikataa. Ni sumu kali, na ikimwagwa kwenye mabomba ya shaba au risasi hutengeneza chumvi zinazolipuka. Badala yake tumeweka floridi ya sodiamu, ileile inayowekwa kwenye mirija ya damu yenye kifuniko cha kijivu ili sukari isipungue njiani kwenda maabara. Tuliihakiki: seli nzima zikapewa glukosi inayojulikana na kukaa dakika 10. Zisizo na floridi ziliipunguza waziwazi, zenye floridi hazikuipunguza kwa kiasi ambacho mashine ingekiona. Floridi nayo ni sumu, kwa hiyo glavu hazivuliwi.

5 Februari 2024: Chumba kina joto kuliko jaribio

Maelekezo mengi ya kazi hii husema "otesha kwenye joto la chumba". Aliyeyaandika alikuwa na chumba cha nyuzi 22 au 24. Chumba chetu leo saa nane mchana kilikuwa nyuzi 32, na usiku hakikushuka chini ya 28.

Aina ya kawaida ilikua bila shida. sec18-1 na sec4-8 zilikua polepole mno, na sec1-1 ilikuwa katikati. Tulipozipima kabla hata ya kuzipandisha nyuzi 37, tayari zilikuwa na invatesi nyingi ndani. Yaani jaribio lilikuwa limeshaanza mezani bila sisi kuligusa.

Hili linahitaji kuelezwa vizuri, kwa kuwa wengi wataliona na kudhani wameletewa chachu mbovu. Protini zenye mabadiliko ya aina hii hazifi ghafla kwenye nyuzi 37. Kipande kimoja cha amino asidi kimebadilika na umbo la protini limelegea. Kwenye nyuzi 25 bado linashika, joto likipanda linazidi kuachia, na kwenye 37 limeachia kabisa. Nyuzi 30 ni mahali pa katikati, seli haifi lakini inaumwa. Mtu wa Berkeley hakuhitaji kuliwaza hilo. Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki mwezi wa Februari anapaswa kuliwaza kabla ya kitu kingine chochote.

Kiyoyozi kilijaribiwa. Mgao wa umeme ulikikata katikati ya usiku, na asubuhi chupa zilikuwa zimerudi nyuzi 29. Kasha la barafu lenye chupa za maji baridi lilishika joto vizuri, lakini chachu zilituama chini kwa kukosa hewa. Mtungi wa udongo uliofunikwa kitambaa chenye maji haukusaidia, kwani unyevu wa hewa ya Dar es Salaam ni mkubwa na maji hayakauki haraka. Dodoma pengine ungefaa.

26 Februari 2024: Friji kuukuu la nyuzi 25

Tumenunua friji dogo lililotumika, 150,000, na kidhibiti joto cha kielektroniki, 35,000. Kidhibiti kinakaa kati ya friji na soketi. Kihisio chake kinazamishwa ndani ya chupa ya maji iliyowekwa pembeni ya chachu. Kikikaa hewani kinawasha na kuzima mota kila mara, kikiwa majini kinatulia.

Ndani tumeweka kifaa cha kukoroga kwa sumaku, waya wake ukipita kwenye mpira wa mlango. Kinatoa joto kidogo, nalo si hasara, kwani friji lina kitu cha kupingana nacho. Shida ilikuwa baridi kukusanyika chini: rafu ya juu nyuzi 27, ya chini 21. Fundi wa majokofu aliyetuuzia ndiye aliyeliona kwa haraka. "Mwalimu, weka kifeni kidogo humo ndani, baridi itembee." Kifeni cha kompyuta kilichookolewa kwenye mashine mbovu kimefanya rafu zote ziwe kati ya 24.5 na 25.5.

Umeme ukikatika, friji lililofungwa lenye chupa kadhaa za maji hupanda taratibu. Hatuanzi tena jaribio siku ya mgao.

Kwa upande wa nyuzi 37, beseni la maji moto lilipoteza joto haraka kila umeme ulipokatika. Sasa tunajaza kasha la barafu, lile la kubebea samaki, maji ya nyuzi 37.5, tunafunika, tunatumbukiza mirija. Kwa urefu wa jaribio linashuka chini ya nyuzi moja. Ni bora kuliko beseni, na halihitaji umeme.

Kwenye friji hili sec4-8 imeanza kukua kwa mwendo wa kueleweka. Invatesi iliyokwama ndani kabla ya kupandisha joto imeshuka sana.

18 Machi 2024: Chachu zinazoota kwenye 37

Kila aina hupimwa kwenye sahani mbili za agari, moja nyuzi 25 na nyingine 37. Ya 37 inapaswa kubaki tupu. Wiki hii sahani ya sec4-8 ya nyuzi 37 ilitoa makundi mengi manene, meupe, yenye afya.

Maelezo mawili yaliwezekana. La kwanza ni kwamba jeni imejirekebisha, au jeni nyingine imebadilika na kuibeba. Hilo ni jambo la kweli. Antti Salminen na Novick, walipoichunguza SEC4 mwaka 1987, walionyesha kwamba nakala ya ziada ya jeni hiyo inaweza kuziokoa baadhi ya chachu zenye kasoro kwenye jeni nyingine za hatua ileile ya mwisho. Na chachu zilizokaa kwenye joto la 31 zilikuwa kwenye shinikizo: seli yoyote iliyopata nafuu ingezizidi nyingine upesi.

La pili ni uchafuzi. Hamira ya unga ilikuwa inapimwa kwenye meza iliyo chini ya feni.

Aina zetu tatu zote zina kasoro ya ura3, haziwezi kujitengenezea urasili, kiungo cha RNA ambacho seli haiwezi kukua bila hicho. Hamira ya dukani inaweza. Tukahamisha makundi yaliyoota kwenye 37 kwenda sahani isiyo na urasili. Mengi yaliota. Hayo ni hamira, hayana uhusiano wowote na sec4. Machache hayakuota bila urasili lakini bado yanaishi kwenye 37. Hayo ndiyo yaliyojirekebisha kweli, na tumeyahifadhi pembeni kwa alama yake.

Utaratibu uliobadilika: hamira imehamishiwa chumba kingine, feni inazimwa wakati sahani ziko wazi, na kila aina inaanzishwa upya kutoka kwenye karatasi ya asili badala ya kuendelezwa kutoka sahani hadi sahani. Kabla ya kila jaribio kuna sahani tatu: 25, 37, na isiyo na urasili. Kama moja ina jibu lisilotarajiwa, jaribio halianzi. Sahani ni bei nafuu kuliko stripu.

Gharama ya hatua hii imetuuma: chakula cha chachu kisicho na urasili pamoja na amino asidi zake kilifika kama 190,000. Ila bila kipimo hicho tungechapisha hamira tukiiita sec4.

2 Aprili 2024: Chachu ya kulinganishia isiyo na invatesi

Fupi, ila ni muhimu. Chachu ya kawaida iliyokuja na zile tatu ilipimwa ikasoma sifuri, ndani na nje. Ni ya ukoo ambao SUC2, jeni ya invatesi, imefutwa kwa makusudi ili watafiti waingize invatesi ya kupandikiza. Kwa kazi yao ni bora, kwa yetu haifai. Tumeomba chachu ya ukoo wa X2180, ambao Novick na Schekman walianzia, nayo ina SUC2 nzima. Mtu akiagiza, auulize ukoo kabla ya kuuliza bei.

8 Aprili 2024: Kupasua seli

Kugandisha kwenye friza ya kawaida na kuyeyusha, pamoja na sabuni ya Triton X-100, kulitoa majibu yasiyotabirika. Mara seli zote zimefunguka, mara nusu yake. Na hapa nusu ni janga, kwa kuwa seli isiyopasuka inahesabiwa kama haina mzigo ndani, na kosa linaficha mrundikano uleule tunaoutafuta.

Nitrojeni ya kimiminika inapatikana kwa watu wa uhimilishaji wa ng'ombe, na wanatoa kwa moyo mwema, lakini kuisafirisha kunahitaji chombo maalumu. Tumehamia shanga za kioo za 0.5 mm, 90,000 kwa chupa, zinazooshwa na kutumika tena. Shanga ujazo sawa na seli, mtikiso wa dakika moja, barafu dakika moja, kurudia hadi chini ya hadubini ya kawaida seli nyingi zionekane zimefifia. Invatesi ni kimeng'enya kigumu, haikuonyesha kuathirika.

29 Aprili 2024: Jaribio kamili

Chachu zimekuzwa nyuzi 25 kwenye chakula chenye glukosi nyingi, asilimia 2, ambayo huizuia SUC2. Zikaoshwa na kuhamishiwa kwenye glukosi asilimia 0.1, ambayo huifungulia. Nusu ikabaki 25, nusu ikaenda 37. Sampuli zimechukuliwa kwa vipindi hadi saa mbili na nusu.

Asilimia 0.1 ya glukosi ni 5.6 mmol/L, sawa na damu ya mtu mzima mwenye afya. Mashine inaiona vizuri mno. Seli zilizooshwa mara moja zilibeba glukosi ya kutosha kuharibu hesabu. Ziwekwe kwenye barafu mara tu zinapotolewa, zioshwe kwa bafa baridi yenye floridi, na maji ya mwisho ya kuoshea yapimwe yenyewe. Yakisoma zaidi ya ile sifuri ya 2, osha tena.

X2180: invatesi ilipanda, na karibu yote iko nje, kwenye nyuzi 25 na kwenye 37. Kuna kiasi kidogo kinachobaki ndani siku zote. Hakijakwama. SUC2 hutoa ujumbe wa aina mbili, mrefu na mfupi, na ule mfupi hauna kipande cha mwanzo kinachoielekeza protini kwenye retikulamu. Invatesi yake haikukusudiwa kutoka. Tunaitoa kwenye hesabu kwa kupima seli za saa sifuri.

sec1-1, sec4-8, sec18-1 kwenye 25: ya nje ikapanda kama kawaida, polepole kidogo kwa sec4-8.

Kwenye 37: ya nje ilisimama kwenye aina zote tatu, huku jumla ikiendelea kupanda. Seli zinaendelea kutengeneza, haziwezi kutoa. sec18-1 ilisimama mapema kuliko wote, na sec4-8 ilivujisha kidogo katika robo saa ya kwanza kabla haijafunga. Wanafunzi walichora mistari miwili kwenye karatasi ya grafu na kuiona ikiachana. Nilikuwa nimefundisha Rab kwa miaka mingi bila kuona tofauti hiyo ikitokea mbele ya macho ya mtu.

Vifuko vyenyewe hatuvioni. Vina upana wa kama nanomita 100, na hadubini ya mwanga haitenganishi vitu vilivyo chini ya nanomita 200 hivi.

20 Mei 2024: Kuzirudisha seli nyuzi 25

Mtu mmoja aliuliza swali zuri: tutajuaje kwamba seli za 37 hazijafa tu? Seli iliyokufa nayo haitoi kitu. Jibu ni kuzirudisha 25 na kutazama kama mzigo uliokwama utatoka.

Lazima kuzuia invatesi mpya isitengenezwe wakati huo, la sivyo hujui unachokipima. Njia ya kawaida ni saikloheksimaidi, kemikali inayozuia seli kutengeneza protini, ambayo ni ghali na ni sumu. Tumetumia glukosi yenyewe: ikirudishwa asilimia 2, SUC2 inafungwa, na ujumbe wake uliokuwepo huvunjwa haraka. Adhabu yake ni kuosha zaidi kabla ya kupima, na stripu nyingi zimeishia hapo. Stripu za hatua hii pekee zimefika 140,000.

Jumla ilibaki palepale, ya ndani ikashuka, ya nje ikapanda. sec1-1 ilitoa haraka. sec18-1 ilichelewa, na inaeleweka: mzigo wa sec1 ulikuwa tayari kwenye vifuko mlangoni, wa sec18 ulikuwa bado na Golgi ya kupita. sec4-8 tumeiacha nje ya hatua hii hadi friji la pili lipatikane.

Hapa ndipo nilipowaeleza wanafunzi kuhusu pepopunda. Sumu yake hukata sinaptobrevini, SNARE ya vifuko vya seli za neva, ambayo ni ndugu wa karibu wa Snc ya chachu. Neva zinazopaswa kuutuliza msuli haziwezi kumwaga ujumbe wao, na msuli unakaza bila kuachia. Baadhi yao wana ndugu waliofiwa na watoto wachanga kwa ugonjwa huo, kwa hiyo ukimya wao nilijua ni wa kusikiliza. Mnyororo uleule wa protini, kwenye hamira na kwenye uti wa mgongo.

17 Juni 2024: Jeli

Mashine ya sukari inasema mzigo umekwama, haisemi wapi. Jeli inasema. Invatesi hupakwa sukari kwenye retikulamu kwa kipimo kilekile, kisha Golgi huongeza minyororo mirefu isiyolingana. Iliyokwama kabla ya Golgi huonekana kama mstari mkali unaotembea mbali, iliyopita Golgi huonekana kama wingu pana lililobaki juu.

Jeli ya poliakrilamidi isiyo na SDS (sabuni inayofumua protini), sampuli zisizochemshwa. Baada ya kukimbia, jeli inalowekwa kwenye sukari ya 0.1 M, pH 5, kwenye nyuzi 37, kisha inasuuzwa, kisha inapashwa moto ndani ya TTC (kemikali ya kutia rangi) asilimia 0.1 iliyoyeyushwa kwenye NaOH ya 0.5 M. Penye invatesi panakuwa pekundu. Usuuzaji hafifu uliipaka jeli nzima wekundu, na dakika chache za moto zilizozidi zilifanya vilevile. Suuza kwa maji mengi, simama hapo uangalie, na uitoe kwenye asidi ya asetiki mara tu mistari inapotokea. Kemikali zote za jeli zimefika kama 320,000, nyingi zitatosha mwaka mzima.

sec18-1 imetoa mstari mkali. sec1-1 na sec4-8 zimetoa mawingu, tena yanayofanana. Jeli haiwezi kuzitofautisha, kwa kuwa zote zinakwamia baada ya Golgi.

Kuitenga Sec4 na Sec1 kunahitaji jenetiki, na hapo ndipo tunaelekea. Tumeomba sec15-1 pamoja na plasimidi (kipande cha DNA cha mviringo) yenye SEC4 na URA3, jeni ya kutengeneza urasili. Kama nakala ya ziada ya SEC4 itaifanya sec15-1 iote kwenye joto isilolivumilia, sahani isiyo na urasili iliyotuokoa mwezi wa Machi ndiyo itakayochagua seli zilizoibeba. Joto la kupimia si lazima liwe 37. Tutaanza na 33, na friji la pili, lenye balbu ya kupasha badala ya mota, linajengwa kwa ajili hiyo.